Mji wa Kartoni: Kazi ya Mtumishi wa Maktaba ya Praha

Kila mwaka, Noeli ikikaribia, watoto wa misioni huleta udongo, nyasi na vipande vya kartoni, wakajenga pango la Betlehemu karibu na altare. Tazameni vizuri nyumba wanazojenga. Hazifanani hata kidogo na nyumba za Betlehemu. Ni nyumba za kwao. Kuna paa la nyasi, kuna jiko pembeni, kuna ghala ya mahindi juu ya miti, pengine na mlango ulioinama wa nyanya yao. Nyumba yenyewe huenda imekwisha kubomolewa, na mahali pake imesimama nyingine ya matofali na manjanja. Lakini katika pango la Noeli ingali sawa vile ilivyokuwa, na wazee wakipita hucheka wakisema: «Hii ni nyumba ya fulani!»

Wasomaji wapenzi, leo tunataka kuwaeleza habari ya mtu mmoja wa Ulaya aliyefanya kazi ya namna hii. Yeye hakuifanya kwa juma moja la Noeli. Aliifanya muda wa miaka 11, akajenga zaidi ya nyumba 2000 za karatasi ngumu, tena hakuna hata moja aliyoitunga kwa mawazo yake. Kila nyumba ilikuwa nyumba ya kweli, yenye nambari yake, mlango wake na ufa wake.

Mtu huyu aliitwa Antonín Langweil, na mji aliojenga ni Praha, mji mkuu wa Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ucheki. Watu wa nchi ile tangu zamani wana mikono ya vitu vidogo. Kaisari Yosefu II alipokataza mapango ya Noeli makanisani, katika miaka ya 1780, Wakristo hawakuyatupa. Waliyahamishia nyumbani. Wafumaji, washona viatu na wakulima wakaanza kuchonga na kukata karatasi wakati wa baridi, na desturi ile ikakua kuliko ingalivyokua bila katazo. Fundi mmoja wa soksi, Tomáš Krýza wa mji wa Jindřichův Hradec, aliyeishi tangu 1838 hata 1918, alijenga pango lake kwa muda wa miaka zaidi ya 60. Lina sanamu 1398, na kati yao 133 zinajongea. Kaisari alitaka ibada nyepesi yenye mpango. Akapata nyumba za maskini zilizojaa wachungaji na kondoo.

Langweil alizaliwa mwaka wa 1791 katika mji mdogo wa Postoloprty. Alikuwa na mkono mzuri wa kuchora. Alijua kufanya zile picha ndogo ndogo za sura za watu zilizopendwa sana kabla ya kamera kupatikana. Alijaribu pia kufungua karakana ya kupiga chapa kwa jiwe, lakini haikumlisha. Mwisho akakubali kazi ya utumishi katika maktaba ya Chuo Kikuu, ndani ya majengo makubwa yanayoitwa Klementinum. Majengo hayo yalikuwa ya Wajesuiti, waliofika Praha mwaka wa 1556 na kufundisha humo mpaka Shirika lao lilipofutwa katika mwaka wa 1773. Langweil hakuwa mwalimu wala mtunza mabuku mkubwa. Alikuwa mtumishi tu, mtu wa kuagizwa.

Katika mwaka wa 1826 Mfaransa mmoja, Symphorien Caron, alileta Praha mfano wa mji wa Paris uliofanywa kwa plasta, akauonyesha kwa watu. Langweil akaenda kuutazama. Wengine walistaajabu, wakarudi kwao. Yeye aliporudi alikuwa amekwisha kuamua: ikiwa Paris inaweza kutengenezwa hivi, kwa nini si Praha? Tena si kwa plasta inayoonyesha umbo tu, bali kwa kartoni, ambayo mtu anaweza kuikata, kuikunja, kuandika juu yake kwa kalamu na kuipaka rangi.

Alikuwa na msaada mmoja mzuri, yaani ramani ya Praha iliyopimwa na Josef Jüttner, afisa wa jeshi, mwanzoni mwa karne ile. Ramani ilimwonyesha kila nyumba imekaa wapi. Lakini ramani haionyeshi uso. Uso wa nyumba, madirisha yake mangapi, dari lake la namna gani, bomba la moshi liko upande gani, ua wa nyuma una nini, hayo yote ilimpasa ayaone kwa macho na kuyachora. Basi alipomaliza kazi ya maktaba alizunguka barabarani na karatasi yake. Ukigawanya nyumba 2000 na zaidi kwa miaka ile 11, utaona kwamba alimaliza karibu nyumba moja kila siku mbili, bila kuhesabu Dominika, bila kuhesabu siku za ugonjwa, na kazi ya mshahara ikimngoja kila asubuhi.

Kipimo alichochagua ni moja kwa 480. Maana yake, nyumba ya meta 12 kwenda juu inakuwa santimeta mbili na nusu tu. Mlango mzuri unakuwa milimeta tano. Kama angalitaka kuweka watu barabarani, mtu mzima angalikuwa na milimeta tatu na nusu, mdogo kuliko punje ya mchele. Hata hivyo mfano mzima una meta 5 na santimeta 76 kwa upande mmoja, na meta 3 na santimeta 24 kwa upande wa pili. Hauwezi kuingia katika chumba cha mtumishi. Ndiyo sababu umegawanywa vipande vipande, na kila kipande ni mtaa wenye barabara zake.

Sasa tufike kwenye jambo linalotufanya tuandike habari hii. Miji mingi ya Ulaya ina mifano yake. Wafalme wa Ufaransa waliagiza mifano ya ngome zao, ili majenerali wajue mizinga iwekwe wapi. Mtawala wa Bavaria, Albrecht V, alimwagiza seremala Jakob Sandtner amchongee miji yake, na ule wa München ulimalizika 1570. Mifano hiyo ni mizuri. Lakini mtu anayemfanyia mfalme kazi huupangusa mji kwanza. Hamwonyeshi bwana wake takataka. Langweil hakuwa na bwana wa kumwagiza. Akauandika mji vile alivyoukuta. Pale palipobanduka plasta, alichora plasta iliyobanduka. Pale kioo cha dirisha kilipovunjika, alichora kioo kilichovunjika. Uani aliweka marundo ya kuni na ngazi zilizoegemezwa ukutani. Nambari za nyumba zipo. Alama za nyumba zipo pia.

Juu ya alama hizi inafaa tueleze kidogo, maana ni jambo zuri la mji ule. Kabla ya mwaka 1770, nyumba za Praha hazikuwa na nambari. Zilikuwa na majina, na jina lilichongwa ao kuchorwa juu ya mlango: Kwa Majua Mawili, Kwa Violini Tatu, Kwa Kengele ya Jiwe. Mtu asiyejua kusoma aliweza kufika mahali pake bila kupotea. Serikali ya malkia Maria Theresia ilipoleta nambari, kwa ajili ya hesabu ya watu na ya askari, wenyeji hawakuondoa alama zao. Sisi pia, huko kwetu, tuna barabara zenye majina ya kiserikali ambayo hakuna mtu ayatumiaye. Watu husema «kwenye mwembe» ao «kwa fundi wa baiskeli», na barua hufika. Mtu anayetengeneza nyumba upya husahau kwa wepesi alama ya namna hiyo. Anaona jiwe chafu juu ya mlango, analitoa. Langweil aliichukua kuwa sehemu ya uso wa nyumba, sawa pua katika uso wa mtu.

Na mji ule ulikuwa karibu kubadilika sana. Yeye hakujua. Hakuna aliyejua.

Tuanze na nyumba ya mashauri ya Mji wa Kale. Langweil alipoichora, ilikuwa mkusanyiko wa nyumba za zama mbalimbali zilizobanana, moja ina paa la mteremko, nyingine ina dari la ngazi ngazi. Mara baada ya kufa kwake sehemu moja kubwa ilibomolewa, likajengwa bawa jipya la namna iliyoiga majengo ya zamani za kati. Wakuu wa mji walifikiri kwamba wanaupatia mji wa kale sura ya kale kweli kweli. Katika mwezi wa Mei 1945, siku za mwisho za vita, bawa lile likachomwa moto. Mahali pake pako wazi hata leo. Mafundi wameshindana mara nyingi kwa michoro ya jengo jipya, na hakuna lililojengwa. Hivi la kale lilibomolewa kwa ajili ya zuri, zuri likaungua, na la kale limebaki kwa karatasi tu.

Au tupande juu kwenye ngome, kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Vito. Msomaji anayeona leo picha ya Praha ataona minara miwili mirefu ya mbele na kanisa refu zima. Katika mfano wa Langweil hamna. Kanisa lile lilianzwa 1344, vita vikalisimamisha, na kwa muda wa mamia ya miaka watu wa Praha walisali katika nusu ya kanisa, upande mmoja umezibwa kwa ukuta. Halikumalizika ila mwaka wa 1929. Tunapenda kutazama kanisa lililotimia. Lakini vizazi vingi vilibatizwa na kuzikwa katika lile lisilotimia, na hilo ndilo walilolijua kuwa kanisa lao.

Habari iliyo nzito zaidi ni ya mtaa wa Wayuda. Wayuda wa Praha walikaa kwa mamia ya miaka katika mtaa wao ndani ya Mji wa Kale, karibu na mto, wakilazimishwa na sheria wakae humo tu. Nyumba zilijengwa moja juu ya bega la nyingine. Vijia vilipinda, ua ukaingia ndani ya ua. Katikati ya karne ya 19 sheria zile zilifutwa. Waliokuwa na mali wakahama, na mahali pao wakaingia maskini wa kila dini. Mtaa ukaitwa Josefov mwaka wa 1850, kwa jina la Kaisari yule yule Yosefu aliyekataza mapango, kwa sababu alikuwa amewapunguzia Wayuda mizigo ya sheria. Watu walizidi kubanana. Maji safi yalikuwa haba, magonjwa mengi. Mto ulipofurika uliingia nyumbani. Katika Septemba 1890 mafuriko yalikuwa makubwa hata yakavunja matao matatu ya daraja la mawe la Kaisari Karolo IV, na sanamu ya Mtakatifu Fransisko Saveri, msimamizi wa misioni, ikaanguka mtoni pamoja na ile ya Mtakatifu Ignasi.

Mwaka wa 1893 ikatoka sheria ya kusafisha mji, na 1896 kazi ya kubomoa ikaanza. Kwa miaka michache karibu mtaa wote uliondoka. Zilibaki sinagoga sita, nyumba ya mashauri ya Wayuda na makaburi yao ya kale. Sinagoga moja kati yao, inayoitwa ya Kale-Mpya, ilijengwa karibu na mwaka 1270. Mahali pa vijia pakakatwa barabara pana yenye nyumba ndefu za fahari, ambazo wale maskini waliotolewa hawakuweza kamwe kuzipanga.

Hapa tusiwe wepesi wa kulaumu. Ni rahisi kupenda nyumba mbovu ya mtu mwingine katika picha. Anayelala humo, mtoto akikohoa usiku na maji yakichuruzika ukutani, anaomba nyumba mpya, na ana haki. Sisi tunaokaa katika nyumba kavu hatuna ruhusa ya kumwambia abaki katika uzuri wa umaskini wake. Lakini kosa lilikuwapo, nalo ni hili: hawakuchagua. Nyumba yenye ugonjwa na nyumba yenye nguvu, zote zilianguka kwa nyundo moja. Mwandishi Vilém Mrštík aliliandikia jambo hilo kwa hasira katika kitabu chake Bestia triumphans cha mwaka 1897, na mwaka wa 1900 wapenzi wa mji wakaunda chama cha kutetea Praha ya kale. Hata hivyo mwaka uliofuata nyumba ya Krenn, kwenye uwanja mkubwa wa Mji wa Kale, ilibomolewa vilevile, ingawa walipiga kelele.

Wakati huo watu wakakumbuka makartoni ya mtumishi wa maktaba. Kwa mtaa wa Wayuda kuna ramani, kuna na picha za kamera zilizopigwa siku za mwisho. Lakini kamera ilisimama barabarani, ikaona mbele tu. Langweil alizunguka nyuma. Baraza za mbao, ngazi za nje, vibanda vilivyoongezwa juu ya vibanda, hayo yote yamo. Anayetaka kujua mtaa ule ulikuwa na sura gani miaka 60 kabla ya nyundo, hupita kwake.

Kitu kimoja hakimo: watu. Barabara zote ni tupu. Hatusemi neno hili kwa kumlaumu, maana alikuwa akijenga nyumba. Lakini mgeni anayetoka kutazama mtaa ule wa karatasi na kwenda katika sinagoga ya Pinkas, ambayo ni moja ya zile zilizoachwa, atakuta kuta zimeandikwa majina toka juu hata chini. Ni majina ya Wayuda karibu 80 000 wa Bohemia na Moravia waliouawa na Wanazi.

Kuna nyumba nyingine kwenye uwanja ule ule, ile ya Kengele ya Jiwe tuliyoitaja, ambayo habari yake yapasa kutufikirisha kwa namna tofauti. Ni nyumba ya karne ya 14, yenye mnara na madirisha marefu ya mawe yaliyochongwa. Siku za Langweil hakuna aliyeyaona mawe yale. Mwishoni mwa karne ya 17 wenyewe walikuwa wameifunika nyumba kwa plasta na kuipa madirisha ya namna ya wakati wao. Katika miaka ya 1970 na 1980 mafundi waliondoa plasta, wakakuta maelfu ya vipande vya mawe ya zamani, wakairudishia sura ya kwanza, ikafunguliwa 1988. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini ile sura iliyoondolewa ilikuwa pia sura ya nyumba, tena kwa miaka karibu 300. Vizazi kumi viliijua hivyo. Kwetu sisi, mwandishi wa maneno haya angependa kuitazama nyumba ya leo kwa jicho moja na ile ya karatasi kwa jicho la pili, wala asitake kuambiwa ni ipi ya kweli.

Langweil mwenyewe hakupata faida. Alitumaini kwamba watu watalipa kuutazama mji wake, ao kwamba wakuu wa nchi watampa fedha za kuumaliza. Fedha zilizokuja hazikutosha. Alikwisha kujenga sehemu kubwa ya Mji wa Kale pamoja na mtaa wa Wayuda, akavuka mto akajenga Malá Strana, yaani Upande Mdogo, akapanda mpaka ngome. Ulibaki Mji Mpya, ulio mkubwa kuliko yote. Hakuufikia. Alikufa mwezi wa Juni 1837, umri wake miaka 46.

Mwaka wa 1840 Kaisari Ferdinand aliununua mfano, akautoa kwa makumbusho ya nchi. Hapa historia ilifanya mzaha wake. Kaisari huyo huyo aliacha kiti chake mwaka wa 1848, akaenda kukaa katika ngome ya Praha, akaishi humo mpaka alipokufa 1875. Alikuwa amenunua mji wa karatasi; akawa mkaaji wa ule wa mawe.

Leo mfano unatunzwa na Makumbusho ya Mji wa Praha, chini ya kioo, kwa sababu vumbi na mwanga ni adui za kartoni. Kioo kina hasara yake. Mgeni anaona mapaa, haoni ua wa ndani, wala zile kuta za nyuma alizozichora Langweil kwa taabu nyingi na ambazo, mtaa ukisha kuunganishwa na mtaa mwingine, hata yeye mwenyewe hakuweza kuziona tena. Kati ya mwaka 2006 na 2009 mafundi waliupiga picha mfano mzima, kila ukuta peke yake, wakaziunganisha picha katika kompyuta. Sasa mtu anaweza kuingia kwa kimo cha zile milimeta tatu na nusu, akapita katika vijia vya mtaa wa Wayuda, akapinda kwenye kona, akaingia uani, akakuta ngazi imeegemezwa ukutani na kuni zimepangwa tayari kwa majira ya baridi.